Kufuli la Hewani: Historia Fupi ya Kufunga Wi-Fi ya Nyumbani



Kazi yangu ni kuandika programu. Lakini hapa Voi mtu akisikia kwamba umesomea sayansi ya kompyuta, hakuulizi habari za programu. Anakuuliza: "Nifanyeje ili majirani wasitumie Wi-Fi yangu?" Nimeulizwa swali hilo na mwalimu, na fundi wa pikipiki, na mama mwenye duka, na hata mzee mmoja wa kanisa kule Wundanyi. Na mara nyingi anayeuliza huwa ameshapewa ushauri wa aina mbili: weka neno la siri, halafu iamuru ruta ikubali vifaa vya nyumbani peke yake.

Ushauri huo husemwa kwa pumzi moja kana kwamba ni makufuli mawili kwenye mlango mmoja. Ukweli ni kwamba la kwanza ni kufuli, na la pili ni daftari la askari wa getini. Askari anakuuliza jina, unamtajia, analitafuta kwenye daftari, anakufungulia. Kitambulisho haulizi. Ukimtajia jina la mwenzako unapita vilevile.

Kwa nini basi watu wengi wanaamini daftari kuliko kufuli? Jibu liko katika historia. Leo tuipitie, na asiyejua kompyuta asiogope, nitakwenda polepole.

Hewa haina ua

Tuanze na waya. Reli ya Uganda ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 na kupita hapa Voi, waya za telegrafu ziliandamana nayo. Mtu aliyetaka kusikiliza ujumbe wa watu kwenye waya ilimbidi apande nguzo, na akipanda nguzo ataonekana. Waya una ulinzi wake wa asili. Redio haina. Ukituma ujumbe kwa redio, unaupeleka kwa kila mwenye antena.

Hili lilijulikana mapema sana. Mwezi wa Juni 1903, mwanasayansi John Ambrose Fleming alisimama mbele ya watu katika Royal Institution mjini London kuonyesha mitambo ya Guglielmo Marconi. Marconi alikuwa akijivunia kwamba mitambo yake imepangwa kwa namna ambayo mtu wa nje hawezi kuingilia. Kabla ya ujumbe wenyewe kufika, mashine ikaanza kupokea maneno ya dhihaka kwa alama za Morse. Aliyeyatuma alikuwa Nevil Maskelyne, fundi wa redio kutoka ukoo wa wanamazingaombwe, na baadaye akajitangaza mwenyewe bila kuficha. Alitaka watu waone kwamba mtambo uliosifiwa kuwa wa siri haukuwa na siri yoyote. Naweza kusema huyo ndiye mdukuzi wa kwanza wa mtandao usiotumia waya.

Miaka kumi na mmoja baadaye vita vikafika kwetu. Wajerumani waliiteka Taveta mwezi wa Agosti 1914, na mwaka uliofuata Waingereza wakaanza kujenga reli ya kijeshi kutoka Voi kuelekea huko, ile iliyopitia Maktau. Lakini angalia walivyohangaika na redio. Siku nne tu baada ya Uingereza kuingia vitani, manowari zake zilikuwa mbele ya Dar es Salaam kwa sababu ya mnara wa redio wa Wajerumani. Juni 1915 kikosi kikavuka Ziwa Victoria kutoka Kisumu kwenda Bukoba, na shabaha yake kubwa ilikuwa kituo cha redio cha pale. Hewa huwezi kuizungushia ua, kwa hiyo waliupiga mnara wenyewe.

Njia ya pili, ya amani zaidi, ni kuusimba ujumbe, yaani kuugeuza uwe fumbo ili anayeusikia asiuelewe. Hapa kuna kanuni moja iliyoandikwa na Auguste Kerckhoffs mwaka 1883, na sisi tuliosoma kompyuta tunafundishwa mpaka leo: mfumo mzuri wa siri ni ule unaobaki salama hata adui akijua kila kitu kuuhusu, isipokuwa ufunguo. Ikumbuke kanuni hii, maana historia yote ya Wi-Fi ni watu kuisahau na kuikumbuka tena.

Jina zuri, kazi mbovu: WEP

Mtandao wa kompyuta usiotumia waya haukuanza jana. Chuo Kikuu cha Hawaii kilikuwa na wake, ALOHAnet, mwaka 1971. Mwaka 1985 serikali ya Marekani iliruhusu watu kutumia masafa fulani ya redio bila leseni, yakiwemo ya gigahezi 2.4, ambayo ni masafa yale yale ya oveni ya maikrowevu. Mwaka 1997 wahandisi wa IEEE wakatoa kanuni iitwayo 802.11, na mwaka 1999 ikaja 802.11b yenye kasi ya megabiti 11 kwa sekunde. Mwaka huo huo jina la Wi-Fi likabuniwa, na Apple wakaanza kuuza laptopu zenye uwezo huo.

Ndani ya kanuni ile kulikuwa na kufuli lililoitwa WEP. Maana ya herufi hizo ni faragha iliyo sawa na ya waya. Waliahidi kwamba ukiwa hewani utakuwa salama kama uliyejificha ndani ya waya.

Ahadi haikutimia, na sababu zinaeleweka hata bila hesabu nyingi. WEP ilitumia njia ya kusimba iitwayo RC4, iliyobuniwa na Ron Rivest mwaka 1987. RC4 hutengeneza mfululizo mrefu wa namba zinazoonekana hazina mpangilio, na ujumbe wako unachanganywa na namba hizo. Sharti lake ni moja: mfululizo mmoja usitumike mara mbili. Ukitumika mara mbili, msikilizaji akizilinganisha jumbe mbili, namba za siri zinajifuta zenyewe na anabaki na maneno yenu.

Ili mfululizo usirudiwe, WEP iliongeza kwenye neno la siri namba moja inayobadilika kwa kila pakiti. Namba hiyo ilikuwa ya biti 24, kwa hiyo ziko 16,777,216 tu. Zinasikika nyingi, sivyo? Mtandao wa megabiti 11 wenye shughuli nyingi unazimaliza kwa saa tano hivi, halafu unaanza kurudia. Juu ya hayo, ufunguo wenyewe wa WEP ya mwanzo ulikuwa wa biti 40 tu, kwa sababu wakati huo sheria za Marekani zilizuia kuuza nje mitambo yenye siri kali zaidi ya hiyo.

Mwaka 2001 mambo yakaanza kumwagika. Watafiti Borisov, Goldberg na Wagner wakaonyesha udhaifu huo wa kurudia. Mwezi wa Agosti mwaka huo Fluhrer, Mantin na Shamir wakachapisha jambo baya zaidi: baadhi ya namba zile zinavujisha ufunguo wenyewe kidogo kidogo. Mwezi huo huo programu ya bure iitwayo AirSnort ikatolewa, na mtu asiye na elimu yoyote ya hesabu akaweza kuifanya kazi hiyo kwa laptopu. Mwaka 2005 maafisa wa FBI waliifungua WEP mbele ya hadhira kwa muda wa dakika 3 hivi. Mwaka 2007 watafiti watatu wa Darmstadt, Ujerumani, wakaishusha hadi chini ya dakika moja.

Sisi wa Voi tunaujua ua wa umeme wa kuzuia ndovu wa Tsavo. Nguzo zinaweza kuwa zimesimama na nyaya zimenyooka, lakini kama hakuna umeme ndani yake, ndovu atagundua tu, na akishagundua anarudi kila usiku. WEP ilikuwa ua wa namna hiyo. Ruta ilionyesha alama ya kufuli, mwenye nyumba akalala usingizi.

Gharama yake haikuwa bando la watu tu. Kampuni ya maduka ya Marekani iitwayo TJX ilitangaza Januari 2007 kwamba wezi wameingia ndani ya kompyuta zake, na ikabainika kwamba walianza 2005. Waliingilia Wi-Fi ya duka iliyofungwa kwa WEP, na taarifa za kadi za benki zisizopungua milioni 45.7 zikachukuliwa. Kiongozi wa kundi hilo, Albert Gonzalez, alihukumiwa miaka 20 jela mwaka 2010. Kumbuka kwamba udhaifu wa WEP ulikuwa umetangazwa hadharani miaka minne kabla ya wizi kuanza.

Daftari la askari linaingia

Hapa ndipo orodha ya vifaa ilipopata umaarufu. Kufuli limevunjika, ruta ziko majumbani tayari, watu wafanye nini? Majarida na wauza ruta wakawashauri: funga kwa anwani ya MAC, na ufiche jina la mtandao.

Anwani ya MAC ni namba ya biti 48 ambayo kila kifaa cha mtandao hupewa kiwandani. Asili yake ni Ethernet, mtandao wa waya uliobuniwa Xerox katika miaka ya 1970. Nusu ya kwanza ya namba hutolewa na IEEE kwa mtengenezaji, nusu ya pili mtengenezaji anampa kila mtoto wake. Kazi yake ilikuwa kama anwani ya barua: pakiti ijue inakwenda kwa nani na imetoka kwa nani. Kwenye waya wa ofisi moja hilo lilitosha. Hakuna aliyekusudia iwe ufunguo.

Na haiwezi kuwa ufunguo, kwa sababu mbili. Kwanza, anwani hiyo inatangazwa wazi juu ya kila pakiti, hata mtandao ukiwa umesimbwa vizuri kabisa. Ni lazima iwe hivyo, kama vile bahasha hata ikifungwa kwa gundi jina la mpokeaji linabaki nje. Pili, kifaa chochote kinaweza kubadilisha namba yake kwa amri fupi. Anayetaka kuingia anasikiliza, anaona namba inayokubaliwa, anaivaa. Ukipima kwa kanuni ya Kerckhoffs, adui hahitaji kuiba chochote, umempa wewe mwenyewe kwa sauti. Kuficha jina la mtandao ni hivyo hivyo: simu yako inapoungana inalitaja jina hilo hewani.

Hii si nadharia ya darasani. Mama mmoja wa Mwakingali, jirani yetu, ana duka na vyumba vichache vya kupangisha. Kamera ya duka na simu anayofanyia kazi ya M-Pesa ziko kwenye Wi-Fi moja. Zamani aliwapa wapangaji neno la siri. Baadaye intaneti ikawa nzito, naye akashauriwa asisumbuke kubadilisha neno la siri, aweke tu orodha ya vifaa vyake. Akafanya hivyo, na ikatulia kwa muda. Ilipoanza kuwa nzito tena akaniita.

Nikafungua ukurasa wa ruta, tukasoma pamoja majina ya vifaa vilivyoungana. Simu yake, laptopu ya binti yake, kamera, na simu yake ya zamani.

"Mwanangu," akaniambia, "hiyo simu ya zamani ilikufa. Iko kwenye droo."

Akaifungua droo. Simu ilikuwemo, kioo kimepasuka, betri imevimba, haiwaki. Na kwenye ruta ilikuwa inapakua filamu.

Nani aliyeivaa anwani ile hatukumjua, na mama hakutaka kumtuhumu mtu bila ushahidi. Tulibadilisha neno la siri, na "simu ya zamani" haikurudi tena. Lakini jambo lililomshtua halikuwa bando. Aliniuliza kama mtu huyo alikuwa anaweza kuiona kamera. Nikamjibu ukweli kwamba aliyemo ndani ya mtandao mmoja na kamera anaweza kuijaribu, na kamera yake ilikuwa bado na neno la siri la kiwandani. Akanyamaza kidogo, halafu akaketi. Kamera ile inaangalia kaunta, na nyuma ya kaunta ndipo anapolala usiku wa mauzo mengi.

Kwa bahati nzuri au mbaya, miaka hii daftari lenyewe linachanika. Mwaka 2014 Apple walianza kuifanya iPhone itaje anwani ya uongo inapotafuta mitandao, ili maduka na viwanja vya ndege visiwafuatilie watu. Mwaka 2019 Android 10 ikaanza kutumia anwani ya kubuni kwa kila mtandao, na iPhone zikafuata mwaka 2020. Kwa hiyo ukiandika kwenye ruta ile namba iliyochapishwa kwenye boksi la simu mpya, simu yenyewe itakataliwa, kwa sababu haitaji jina hilo. Watengenezaji wa simu wameshaamua kwamba anwani ya MAC si kitambulisho.

Makufuli ya kweli: WPA, WPA2, WPA3

Turudi kwenye kufuli. Baada ya aibu ya 2001, kiraka cha haraka kiliitwa WPA, na vifaa vyake vikaanza kuidhinishwa mwaka 2003. Kiliendelea kutumia RC4 ili ruta za zamani ziweze kukitumia, lakini kwa kubadilisha funguo kila mara na kwa namba ya biti 48 badala ya 24. Juni 2004 kazi kamili ikakamilika, WPA2, yenye njia mpya ya kusimba iitwayo AES. Kuanzia Machi 2006 kifaa kipya hakikuweza kupata nembo ya Wi-Fi bila WPA2.

AES haijavunjwa mpaka leo. Udhaifu wa WPA2 ya nyumbani uko kwingine, uko kwa mwenye nyumba. Simu inapoungana na ruta, pande hizo mbili hubadilishana salamu za kuthibitishana kwamba zote zinalijua neno la siri. Mtu wa nje anaweza kuzirekodi salamu hizo kwa sekunde chache, akaenda nazo nyumbani kwake, akajaribu maneno milioni baada ya milioni bila ruta yako kujua. Waliobuni WPA2 walilijua hilo, ndiyo maana neno la siri huchanganywa na jina la mtandao na kusagwa mara 4,096 kabla ya kutumika, ili kila jaribio liwe la polepole. Mwaka 2004 ilikuwa polepole kweli. Leo kadi moja nzuri ya michezo ya kompyuta inajaribu zaidi ya maneno milioni 1 kwa sekunde.

Sasa tupige hesabu ya hapa nyumbani. Watu wengi wameweka namba yao ya simu kuwa neno la siri, na nimewakuta mafundi wanaozifunga ruta wakiwawekea wateja hivyo hivyo. Namba inayoanza na 07 ina tarakimu 8 zinazobaki. Hizo ni namba 100,000,000. Kwa majaribio milioni 1 kwa sekunde ni sekunde 100. Dakika mbili hazifiki! Na huyo hakukufahamu kabisa; anayekufahamu ana namba yako tayari.

Chukua badala yake maneno 5 yasiyohusiana, yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu kutoka orodha ya maneno 2,000 ya kawaida. Kadi ile ile itahitaji zaidi ya miaka 1,000 kuyamaliza yote. Tofauti ya dakika mbili na miaka elfu ni maneno machache ya Kiswahili.

Baada ya WPA2 kulitokea mambo matatu ya kukumbuka. La kwanza ni WPS, kile kitufe na PIN ya tarakimu 8 kilicholetwa mwaka 2007 ili watu wasihangaike na maneno marefu. Desemba 2011 Stefan Viehböck alionyesha kwamba ruta huikagua PIN hiyo nusu nusu, na tarakimu ya mwisho ni ya kuhakiki tu. Kwa hiyo mgeni hahitaji kujaribu milioni 100 bali 11,000, kazi ya saa chache. Mlango wa mbele ni wa chuma, na dirisha la jikoni liko wazi.

La pili ni KRACK ya Oktoba 2017. Mathy Vanhoef na Frank Piessens waligundua kwamba salamu zile za WPA2 zinaweza kurudishwa ili kifaa kitumie tena namba iliyokwisha kutumika. Unakumbuka sharti la RC4? Ni kosa la ukoo ule ule, miaka kumi na sita baadaye. Lilizibwa kwa masasisho ya programu, kwa wale waliosasisha.

La tatu ni WPA3 ya Juni 2018. Hii inabadilisha zile salamu ili aliyezirekodi asiweze kwenda kukisia nyumbani. Kila kisio lazima lipitie kwenye ruta yenyewe. Tena, aliyerekodi mawasiliano yako leo hawezi kuyafungua hata akilijua neno la siri kesho. Mwaka uliofuata Vanhoef na Eyal Ronen walikuta nyufa humo pia, zikarekebishwa. Tangu Julai 2020 kila kifaa kipya kinachotaka nembo ya Wi-Fi lazima kiwe na WPA3.

Historia hii ilipotufikia

Sisi tuliingia katika hadithi hii katikati. Kebo ya TEAMS ilifika Mombasa Juni 2009 na SEACOM ikaanza kazi mwezi uliofuata. Kabla ya hapo mawasiliano ya Kenya na intaneti ya nje yalipitia satelaiti, ghali na polepole. Kutoka Mombasa nyuzi za mwanga zikapanda bara kwa ukanda ule ule wa reli, zikipita hapa Voi. Kwa hiyo Wi-Fi ilipoingia nyumbani kwetu, WEP ilikuwa imeshazikwa. Lakini vifaa vya mitumba na ushauri wa mitumba vilikuja vyote viwili. Nimeona kwa macho yangu ruta ya WEP ikifanya kazi katika saiba ya hapa mjini miaka mingi baada ya 2007. Ruta ile sasa imetupwa. Ushauri wa daftari la askari bado unatembea.

Na sasa kuna jambo la sheria. Mimi si wakili, lakini Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018, kifungu cha 14, inamtia hatiani anayevunja hatua za usalama ili aingie kwenye mfumo wa kompyuta akijua hana ruhusa. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Soma tena maneno hayo: kuvunja hatua za usalama. Kama mtandao wako uko wazi, jiulize ni hatua gani iliyovunjwa. Na kama mtu amefanya utapeli kupitia ruta yako, kumbukumbu za kampuni ya intaneti zinaonyesha jina la mlipaji. Atakayegongewa mlango kwanza ni wewe.

Kwa kifupi, ufanye nini

1. Chagua WPA3. Kama ruta haina, WPA2 yenye AES. Ukiona WEP au TKIP, zima.
2. Neno la siri liwe maneno 5 yasiyohusiana. Namba ya simu, jina la mtoto na mwaka wa kuzaliwa viache.
3. Badilisha jina la mtandao la kiwandani, na pia neno la siri la kuingilia kwenye ukurasa wa ruta. Hayo ni mambo mawili tofauti, na la pili husahaulika.
4. Zima WPS.
5. Wageni na wapangaji wape mtandao wa wageni. Kamera na simu ya kazi zibaki kwenye wako.
6. Mpangaji akihama, badilisha neno la siri siku hiyo hiyo. Inaudhi kwa dakika kumi tu.
7. Sasisha programu ya ndani ya ruta.

Na orodha ya vifaa? Sikatazi. Inafaa kumzimia mtoto intaneti saa tatu usiku, na inafaa kuona nani yumo, kama tulivyoiona simu iliyokufa. Itumie kama daftari, ujue nani amesema jina gani. Ila usiku usiondoe kufuli mlangoni kwa sababu askari ana daftari.

Yule mama wa Mwakingali sasa ana maneno matano, na hajayaandika popote dukani. Binti yake alichagua manne, la tano alilitia mama mwenyewe kwa Kitaita. Kamera nayo ameigeuza, inaangalia mlango.

Haya basi wadau, nendeni mkaangalie ruta zenu leo kabla ya kulala. Tuonane tena.